Mlango wa Mahakama Wamfungukia Aliyemshikia Maikrofoni

Saa mbili na nusu asubuhi, mvua inachapa madirisha ya mahakama ya Ardoncourt, kaskazini mwa Ufaransa. Ghislaine Ducrocq amepiga goti koridoni, kamera yake ikitazama viatu: raba zilizochoka, viatu vya mawakili vinavyong'aa, ndala za mama aliyetoka nyumbani mbio.

"Hapa naruhusiwa, mradi nisionyeshe uso," anasema bila kuinua kichwa. "Kiatu hakina wakili."

Ana miaka 59. Kwa miaka 26 ametengeneza filamu za watu wanaokamatwa, wanaofungwa, na mama zao wanaobaki nje. Miaka yote hiyo hajawasha kamera ndani ya chumba cha hukumu hata siku moja. Sheria ilikataza. Wakubwa waliona raha watu wa mitaa ya chini wahukumiwe harakaharaka, pasipo jicho. Ghislaine aliandika barua kila mwaka. Majibu yote anayo, kwenye kopo la biskuti.

Ili apate posho ya watu wa sanaa, lazima akusanye saa 507 za mkataba kwa mwaka. Saa za kungoja koridoni hazihesabiwi. Mwaka jana alifikisha 430. Alikula viazi mpaka akavichukia.

Sasa sheria imelegezwa, na kibali cha kwanza cha mahakama hii kimetoka. Si chake. Amepewa Gaspard Wattel, aliyemshikia maikrofoni miaka sita, siku hizi mtu wa televisheni mwenye koti la bei.

"Mimi ndiye niliyemfundisha hata kunyamaza," anasema Ghislaine. "Wivu? Ndiyo, wivu. Andika hivyohivyo. Unaniwasha kama upupu."

Lakini kibali peke yake hakitoshi. Kesi ya kurekodiwa ni ya Lyes Benameur, anayedaiwa kumpiga polisi, na Lyes ameapa kwamba hasaini ruhusa mpaka mama yake asaini. Mama yake, Zoulikha, mpishi wa shule, naye hasaini karatasi ambayo Ghislaine hajaisoma. Ni hivyo tangu mwaka 2005, Ghislaine alipomrekodi mume wa Zoulikha akitoka gerezani.

Ndiyo maana Zoulikha amesimama koridoni, karatasi mkononi, Gaspard nyuma yake.

"Isome, dada. Kesi ni saa nne."

Ghislaine anasoma. Anarudia. Anatafuta kosa kama mavyaa anayetafuta mchanga kwenye wali wa mkamwana. Hakuna kosa.

"Mbona umekunja uso kama mke mwenza?" Zoulikha anamuuliza.

"Bosi," Gaspard anadakia, "ukimwambia asisaini, nitaelewa."

"Usiniite bosi. Na usielewe chochote."

Neno moja tu kutoka kwake, na mlango unafungwa kwa wote. Lyes atahukumiwa kama wale ambao Ghislaine amewapimia muda kwa saa yake ya mkononi: dakika ishirini na tano, miezi kumi jela, haya, mwingine aingie. Hakuna atakayejua jaji alimkatiza mara ngapi.

Anachomoa kalamu. Chini ya karatasi anaandika: *Filamu itaonyeshwa kwanza jikoni kwa Zoulikha, kabla ya mtu mwingine yeyote.* Ndivyo alivyofanya na kila filamu yake tangu mwaka 2005. Gaspard mwenyewe ndiye aliyepandisha projekta hadi jikoni humo, ghorofa ya saba, lifti ikiwa mbovu.

"Televisheni hawatakubali," Gaspard ananung'unika.

"Ulikubali wewe, ulipokuwa huna koti. Saini."

Gaspard anatazama saa. Anasaini. Zoulikha anasaini chini yake.

"Lifti bado mbovu," anamwambia. "Uje na pumzi zako."

Saa nne, Lyes naye akiwa amesaini, mlango unafunguliwa. Gaspard anaingia na kamera, Zoulikha anamfuata, mlango unafungwa. Ghislaine anabaki na korido yake. Anataka filamu ya viatu iwe tayari kabla baridi haijaisha, na itatazamwa kwanza katika jiko lilelile.

"Ya Gaspard nayo nitaitazama, kiti cha mbele," anasema, akifuta lenzi kwa pindo la shati. "Naomba Lyes aachiwe. Na filamu naomba iwe nzuri, kwa ajili yake."

Anapiga goti tena.

"Ila sauti iwe mbovu kidogo."