Karatasi Mbili za Nakhisa

Perpétue ana misumari kumi na minne ukutani, na kila msumari umebeba karatasi za watu. Ni fundi cherehani hapa Kyebando, Kampala, mtu wa Butembo kule Kongo, na sisi majirani tunamwita Yaya, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa. Ukienda kupimwa anachora vipimo vyako kwenye karatasi, anaikata, anaandika jina lako, anaitundika. Yangu iko pale tangu kabla sijashika mimba. Siiangalii sana.

Ijumaa ile nilimpeleka mwanangu Nakhisa apimwe gauni la ubatizo wa Jumapili. Ana miezi kumi na amenenepa, mikono yake imejaa mikunjo kama mtu aliyevaa bangili. Nilimkuta Yaya amesukuma cherehani pembeni. Kompyuta yake ya mitumba ilikuwa juu ya meza ya kukatia, na macho yake mekundu.

"Karibu, Mama Nakhisa. Kaa. Hii kitu itaniua."

Habari yenyewe niliijua. Kuna kituo Kamwokya kinachofundisha watu kuandika programu za kompyuta, miezi sita, bure, na wakimaliza wanatafutiwa kazi. Kabla ya kuingia unafanya jaribio katika lugha ya kompyuta inayoitwa Elixir. Mwaka jana Yaya alishindwa. Ukishindwa mara mbili hawakuiti tena. Jaribio lilitakiwa lifike kabla ya saa sita mchana, na hiyo ilikuwa saa tatu.

Wahabi, fundi simu wa mlango wa pili, alichungulia. "Yaya, kompyuta haishonwi! Rudi kwa sindano yako."

"Na wewe, simu ya pasta uliifungua tangu Pasaka. Umeifunga?"

Wahabi akacheka, akapotea.

Yaya alimpima Nakhisa huku akinieleza, ingawa nadhani alikuwa anajieleza mwenyewe. Amepewa orodha ya namba. Programu iongeze mbili kwenye kila namba, kisha ionyeshe orodha iliyoongezwa. Zamani alijifunza lugha nyingine ya kompyuta kwenye simu, na huko ukitaka namba ibadilike unaibadilisha palepale ilipo.

"Hii inakataa. Naiambia ongeza, hainionyeshi kosa hata moja. Naiambia nionyeshe orodha, naona zilezile za zamani. Mara ishirini, Mama Nakhisa!"

Mimi shule niliishia darasa la saba. Nilimtazama akishusha msumarini karatasi aliyomkatia Nakhisa akiwa na miezi mitatu. Hakuikata wala hakuiunga. Aliitandaza juu ya karatasi mpya, akachora kuizunguka, akitoka nje vidole viwili kila upande. Akaikata hiyo mpya, akaiweka mezani. Ile ndogo akairudisha msumarini.

"Mbona ya zamani huitupi?"

"Karatasi ya mtu haiguswi. Ukiiharibu, mdogo wake utamkatia kwa ipi?"

Akarudi kwenye kompyuta, akabonyeza. "Ona. Zilezile."

Nikauliza tu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: "Na ile mpya umeitundika wapi?"

"Mpya gani?"

"Si unasema inaongeza bila kosa? Labda imekata karatasi mpya, na wewe unaangalia msumari wa zamani."

Akageukia kioo cha kompyuta. Nakhisa alikuwa ameshavuruga kibunda kizima cha uzi, na Yaya hakumwona. Aliandika mstari mmoja mfupi: orodha mpya akaipa jina lake yenyewe, kisha akaiambia kompyuta ionyeshe hiyo. Namba zikatokea, kila moja imeongezeka mbili. Akaiita na ile ya zamani. Nayo ilikuwepo, nzima, haijaguswa.

"Banange," alisema polepole. Neno hilo la Kiganda la kushangaa ameliokota hapahapa Kampala. "Inafanya kazi kama mimi."

Yalibaki maswali manne. Nilikaa nikikunja uzi hadi alipotuma, zimebaki dakika ishirini. Baadaye tu ndipo alipokumbuka gauni.

Alilileta Jumamosi jioni, limepigwa pasi vizuri. Jumapili asubuhi halikupanda mabegani. Nilisukuma, Nakhisa akalia, mwisho nikaacha mgongo wazi nikaufunika kwa shali. Baada ya ibada Yaya alikuja akainua shali kidogo.

"Nilichukua ya msumarini," alisema.

"Ya msumarini, Yaya."

Akakaa kwenye ngazi ya kanisa akacheka mpaka machozi, nami nikacheka, na Nakhisa katikati yetu akitutazama kama watu wasio na adabu.

Jumatatu kituo kilimpigia simu: aanze kesho. Alikuja kuniambia ameshika gauni jingine, kitambaa kilekile, lililokatwa kwa karatasi mpya. Nikataka kumrudishia lile dogo alifumue.

"La nini? Liache," alisema. "La mdogo wake."

Nikamwambia apunguze maneno, aende akalale, kesho ana shule.