Kulukulu wa Pete

Wanu Mmanga alizaliwa kijijini Pete, ukingoni mwa msitu, akaolewa mjini, Kikwajuni, mwaka 1987. Mumewe, Hamed, alikuwa mpole, muuza chokaa huko Mtoni, na hakumnyima kitu. Lakini Wanu hakuizoea asubuhi ya mjini. Kwao aliamshwa na kulukulu, ndege wa kijani wenye mbawa nyekundu, wakiitana kutoka mkuyu huu hadi ule. Kikwajuni aliamshwa na kunguru wakigombania jaa. Mara nyengine alisimama dirishani na ufagio mkononi, chai ikimpoa, akisikiliza kisichokuwepo.

Mwaka 1996 mama yake, Bi Mwatum, alipata kiharusi, Wanu akaenda kumuuguza. Alfajiri ya kwanza alikaa barazani akisubiri. Kukapambazuka kimya. Mikuyu ya nyuma ya nyumba ilikuwa visiki vitupu, na palipokuwa na kivuli pamejengwa tanuri la kuchomea chokaa kwa kuni za miti hiyo. Kunguru nao walishafika. Bi Mwatum akamweleza, kwa ulimi mzito, kuwa ndio wanaomaliza mayai na makinda ya ndege wadogo waliobaki.

Wanu akauliza chokaa ile inakwenda wapi.

"Inakwenda kwa mumeo, mwanangu. Nilidhani unajua."

Hamed alipokuja kumjulia hali mkwewe, Wanu akampeleka nyuma ya nyumba. Hakugomba. Alimwonesha kisiki kimoja baada ya chengine, akimwambia ni ndege gani waliokuwa wakilala juu yake. Hamed akajitetea kuwa majumba ya mjini yanatengenezwa, na asiponunua yeye atanunua mwengine. Kisha akachutama, akagusa kisiki kilichokuwa bado kinatoa utomvu.

"Mimi nkiona magunia tu, Wanu."

Mwaka uliofuata Hamed aliacha chokaa, akaanza kuuza vigae na misumari. Ndugu zake wakamcheka. Bi Mwatum alipofariki, Wanu hakurudi Kikwajuni. Alibaki Pete na wanawake wenzake, wakiotesha miche na kuipanda palipokatwa. Mingi ilikufa kwa jua, wakapanda tena. Hamed akawa anakuja kila Alkhamisi na kuondoka Jumamosi. Wanu humsindikiza hadi barabarani, akasimama hapo mpaka gari lipotee konani. Kila mmoja hutamani kumwambia mwenzake ahamie kwake, na hakuna anayethubutu.