Mnong'ono wa Mkunga

Masikio alipewa jina hilo sokoni, enzi alipokuwa akinunua spika mbovu. Alizigonga kwa kidole, akazisikiliza, huku wenyewe wakimwapia kuwa ni nzima, kisha akataja bei ya kumfanya muuzaji acheke kwa uchungu. Spika kwa spika, mama huyo akajijengea kazi ya kukodisha vyombo vya sauti.

Asubuhi ya mkutano wa wakazi, alipoleta vyombo vyake, alikuta ubishi mlangoni mwa ukumbi. Mkunga mstaafu alitaka kueleza kwa nini wodi ya wazazi isifungwe, lakini tangu apasuliwe koo alikuwa amebaki na mnong'ono tu. Mwenyekiti akaamua kwamba mjumbe mmoja amsomee maelezo yake. Bibi akamvuta Masikio karibu.

"Mwanangu, miaka arobaini nimewaambia wanawake wasukume. Leo nisemewe mimi?"

Masikio akamgeukia mwenyekiti. "Nipe ukumbi mtupu nusu saa. Nikishindwa, msomaji wako si yupo?"

Mwenyekiti akalalamika kuwa mkutano uliopita spika ziliwapigia mbinja mpaka watu wakaziba masikio.

"Hazikuwa zangu," akasema Masikio, akaingia.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Mnong'ono unataka maiki ifunguliwe sana, na maiki iliyofunguliwa sana huisikia spika kuliko msemaji. Huidaka sauti ya spika na kuirudisha kwenye spika, spika huitema tena, na mzunguko ukikolea ukumbi mzima hupiga yowe.

Kwanza alizisogeza spika mbele ya jukwaa, zikaipa maiki mgongo. Kisha akaongeza sauti makusudi mpaka ukumbi ukalia. Mwenyekiti akaruka. Masikio akauiga mlio ule kwa mluzi, huku kidole chake kikipita juu ya vitufe thelathini na kimoja vya mashine yake ya kuchuja sauti, kila kimoja na unene wake wa sauti. Akakishusha kimoja kidogo tu. Mlio ukakatika kama uzi. Akaongeza tena, ukaja mwingine, mwembamba zaidi. Akaukata. Ukaja wa tatu, na wa nne.

"Unaijua milio yote?" mwenyekiti akauliza, safari hii kwa adabu.

"Kila ukumbi una wezi wake. Bora uwakamate kabla wageni hawajafika."

Baada ya mlio wa tano, kimya. Maiki ilikuwa wazi kiasi kwamba pazia lililosugua dirisha lilisikika kwenye spika, nao wawili wakasimama wakilisikiliza.

Watu wakajaa. Mkunga akapanda, akagusisha midomo kwenye maiki.

"Wanangu."

Sauti isiyoweza kumwamsha mtoto usingizini ilikwenda ikagonga ukuta wa nyuma, pumzi na mikwaruzo yake yote. Bibi akageuka kama mtu aliyeitwa. Hakuwa ameisikia sauti yake kwa miaka miwili.

"Ni mimi huyo?"

Swali hilo nalo likafika mpaka mlangoni. Waliosimama huko wakavua kofia bila kuambiwa.

"Ni wewe, mama," akajibu mwanamke wa safu ya mwisho.

 Masikio hakuthubutu kuinua kidole kutoka kwenye kitufe.

Mkunga akaanza na usiku wa kwanza wa wodi ile, na mapacha waliozaliwa kwa mwanga wa kibatari. Dakika tano alizopewa zilipokwisha, mwenyekiti alinyanyua kengele yake ya kumaliza muda, kisha akaushika ulimi wa kengele hiyo kwa vidole viwili, isije ikalia.