Kaburi la Bi Mwamini na bibi wa kwenye riwaya

Ni Alhamisi asubuhi, umande haujakauka makaburini, na Twalha Kibwana amekwisha kupaka chokaa pande tatu za kaburi. Upande wa nne, unaotazama njia, hajaugusa. Brashi imelala ndani ya ndoo. Mwenyewe amechuchumaa anautazama.

Kesho ni ziara. Wageni wataingia hapa, nje kidogo ya Mohoro, kutoka Kibiti, Ruaruke, Ngorongo na Dar es Salaam, kumsomea dua Sheikh Saadi, aliyeanzisha darsa katika bonde hili zaidi ya miaka mia iliyopita. Kaburi la sheikh lilipakwa jana na linang'aa. Shida iko kwenye hili dogo, lililo ubavuni mwake.

Hashimu, mwenyekiti wa kamati ya ziara, anafika na kopo la rangi nyeusi na kipande cha boksi kilichotobolewa herufi. Zinasomeka: BIBI MWANAKHERI, MKE WA SHEIKH.

"Fundi, ukimaliza huo upande bandika boksi hapa katikati, upitishe rangi. Herufi zitatoka zenyewe."

"Sipitishi."

"Twalha, usinianze asubuhi hii."

"Humu yumo bibi yangu, mzaa baba. Wewe mwenyewe ulikuwepo akizikwa."

Hashimu anatazama njiani kama kuna mtu anakuja. "Nilikuwepo," anasema. "Lakini wageni hawamjui bibi yako. Wanamjua Mwanakheri."

"Mwanakheri hakuwahi kuwepo."

"Basi kesho simama uwaambie wewe."

Anaweka kopo chini na kuondoka. Ameacha neno moja: jina liwe limeandikwa kabla ya Magharibi, la sivyo kamati itatafuta fundi mwingine.

Twalha ana miaka hamsini na sita na aliacha shule akiwa darasa la nne. Kazi yake ni chokaa. Hununua magamba ya kome na chaza yanayopandishwa kutoka visiwani, huyapanga juu ya magogo ya mikorosho, huyachoma mpaka yawe meupe na mepesi, kisha huyanyunyizia maji yapasuke kuwa unga. Vidole vyake vimebabuka, na kucha mbili hazikuota tena. Gunia moja huliuza shilingi elfu kumi na mbili, akipata mnunuzi, kwa sababu siku hizi watu wanataka rangi ya dukani. Kazi ya uhakika ni hii ya makaburi. Aliirithi kwa baba yake.

Mwanakheri anatoka kwenye riwaya. Ilichapishwa miaka minne iliyopita, inasimulia maisha ya Sheikh Saadi, na imesomwa sana. Ndani yake sheikh ana mke. Wajerumani wanapomfungia mumewe kwenye boma la Mohoro, Mwanakheri anavuka mto na msahafu kichwani, mamba wanampisha, na askari wa zamu anaangusha bunduki na kumfungulia mlango. Anakufa kwa homa siku ya tatu, anazikwa ubavuni mwa mahali atakapozikwa mumewe.

Twalha hakuisoma. Alisomewa na mkewe, Sabra, pale tanurini, yeye akichochea moto.

"Nimemlilia Mwanakheri kuliko nilivyomlilia shangazi yangu," Sabra anasema. "Shangazi alikuwa na maneno. Huyu hana baya hata moja. Hapo ndipo nilipojua huyu si mtu, ametungwa."

Mumewe alikuwa akimkatiza kila ukurasa. Sheikh kuja kwa mtumbwi, kweli. Kufundisha watoto kwenye banda la makuti, kweli. Boma la Wajerumani, kweli, kila mtu Mohoro anajua lilikuwepo. Sheikh kufungwa, hapo wazee wanapishana, wengine wanasema alifungwa, wengine wanasema alihojiwa tu akarudi kwake. Mke, hapana. Huku wamepokea kwamba sheikh alifariki bila kuoa.

"Kitabu hakina kosa," Twalha anasema. "Hadithi ni hadithi. Kosa ni sisi kuichukua hadithi tukaitafutia kaburi."

Na kaburi lilipatikana kirahisi, kwa sababu ya kazi ya mikono yake mwenyewe.

Huku zamani mtu akizikwa, bakuli au sahani aliyokuwa akilia chakula iliwekwa juu ya kaburi, imetobolewa kitako ili asiichukue mtu. Bibi yake, Bi Mwamini, alikuwa mtwangaji wa mpunga, na kwa maisha yake yote alifagia kaburi la sheikh. Ndiyo maana alipofariki walimzika jirani naye, na juu wakamwekea bakuli lake la bati lenye maua mekundu. Hakukuwa na maandishi. Bakuli ndilo lilikuwa jina.

Miaka mitatu iliyopita vijana wa madrasa walisema vyombo juu ya makaburi si katika dini. Kamati ikamwagiza fundi avitoe. Twalha akalitoa bakuli, akalifunga kwenye kitambaa, akalisukuma uvunguni mwa kitanda, kisha akalipaka kaburi chokaa nzuri kabisa. Mwezi uliofuata walikuja wasomaji wa kwanza wa riwaya wakiuliza: Mwanakheri yuko wapi? Wakaona kaburi jeupe, halina alama, liko ubavuni mwa sheikh. Hakuna aliyewaonyesha, na hakuna aliyewakatalia.

Saa nne, mwanamke kutoka Ruaruke anaingia makaburini na mtoto mgongoni. Anaitwa Mwanamina. Mkononi ana kifuko cha ubani.

"Mjomba, mbona upande wa bibi haujapakwa?"

"Bibi yupi, mwanangu?"

"Mwanakheri. Nilikaa miaka saba kwa mume bila mtoto. Nikaja hapa, nikaweka nadhiri. Huyu hapa."

"Hongera. Siku ile ulimwomba nani?"

"Nilimwomba Mungu."

"Basi alikusikia. Hakuuliza kaburi la nani."

Mwanamina hacheki. "Usinichezee, mjomba. Unataka kuniambia nilimlilia nani hapa?"

"Bi Mwamini. Alikuwa anatwanga mpunga."

Uso wa mwanamke unabadilika. Anamvuta mtoto juu, anakaza kanga. "Kumbe mnawafanyia watu mchezo," anasema, na anakwenda moja kwa moja nyumbani kwa Hashimu.

Alasiri habari imeenea. Watu thelathini hivi wamesimama kulizunguka kaburi, na wengine wanaongezeka. Kijana mmoja ameshalishika boksi la herufi, anasubiri kuambiwa. Mwandishi wa riwaya, Mudathiri, mgeni wa heshima wa kamati, ameteremka kwenye gari sasa hivi, na hajapewa hata maji. Twalha anamwahi.

"Shikamoo sikupi, tunalingana. Nakuuliza mbele ya watu. Mwanakheri ulimpata wapi?"

Mudathiri anawatazama waliosimama. "Nimemtunga. Imeandikwa mwanzoni mwa kitabu."

Minong'ono inapanda. Hashimu anainua mkono. "Mwalimu, labda ulitunga usijue. Mtu huonyeshwa."

"Ameonyeshwa huyo," sauti inatoka nyuma. "Watu hawa huwa hawasemi."

"Sikuonyeshwa, ndugu zangu. Nilikuwa Sinza, sebuleni kwangu, nimekwama. Niliwauliza wazee wa hapa habari za sheikh, na katika habari zote hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Nikaona haiwezekani. Nikamweka."

"Uliwauliza akina nani?" anauliza Sabra.

"Wazee wa kamati."

"Wanaume watupu. Na aliyefagia hapa mpaka kufa kwake ni mwanamke. Ungeuliza nyumba ya pili tu, ungeambiwa."

Sabra anafungua kanga aliyoikunja kwapani na kutoa bakuli la bati. Maua mekundu yamefifia, kitako kina tundu. Twalha analipokea na kumsogezea mwenyekiti karibu na uso.

"Hashimu. Hili umenywea uji."

Mwenyekiti anaugusa ukingo wake kwa kidole. Yule kijana mwenye boksi anamtazama yeye.

"Uji wa mchele," anasema Hashimu. "Alikuwa anatutilia tui." Halafu anakasirika. "Na wageni wakipungua mwakani, sadaka zikakosekana, paa la madrasa utaezeka wewe?"

"Kuta nitapaka bure. Paa sina."

Twalha anachanganya chokaa na mchanga mbele yao, anachimba shimo kwenye ule upande wa nne, anaingiza bakuli na kulishindilia pembeni kwa kidole kilichobabuka. Mmoja wa vijana wa madrasa anasema hilo halifai. Hashimu anamwambia anyamaze.

Mwanamina bado yupo. Anasogea, macho mekundu. "Sijui nadhiri yangu imekuwaje," anasema. "Lakini ubani nimeshauleta, sirudi nao. Anaitwa nani vile?"

"Mwamini."

Anawasha ubani na kulitaja jina hilo kwenye dua yake, kwa sauti.

Ijumaa ziara inasomwa. Wageni kadhaa wanaulizia Mwanakheri, wanaelekezwa kwa Mudathiri, ambaye ameketi pembeni na kurudia maneno yale yale mpaka sauti inamkauka. Basi dogo kutoka Dar linaondoka mapema, abiria wamenuna. Hashimu anasema kamati itakaa kujadili suala la fundi, na hatoi ahadi yoyote.

Twalha ameshapakia ndoo kwenye baiskeli. Mpango wake ni kuchoma tanuru lingine mwezi ujao, kazi ya kamati iwepo isiwepo, kisha azunguke kwa majirani kuuliza vyombo vingine vilivyotolewa makaburini viko uvungu gani.

"Walete fundi mwingine, sina ugomvi," anasema. "Atapaka chokaa, na mimi nitampa salamu. Lakini bakuli hatalitoa. Chokaa ya kome ikishakauka, mpaka uvunje ukuta."