Jina Ambalo Shangazi Oliva Hakulitaja

Mwanangu, nakuona tangu asubuhi unapiga pasi shati la kwendea field, kola umeirudia mpaka nikahofia itaungua, nikabaki nacheka peke yangu jikoni. Umenikumbusha siku niliyoondoka Kihesa na sweta mpya ya bluu, naenda Mbeya kwenye kampuni kubwa ya simu kufanya mafunzo kwa vitendo. Hebu kaa hapa kidogo. Basi lako ni la kesho.

Enzi hizo simu zilikuwa za vitufe, na mimi nilikuwa mwanafunzi wa kompyuta niliyejiona nimeshamaliza kila kitu. Nilidhani nikifika tu nitakabidhiwa mitambo. Weee! Nilikabidhiwa kiti, hedifoni na kazi ya kusikiliza. Kampuni ilikuwa inajaribu huduma mpya ya sauti. Mteja anapiga namba, mashine inamwambia, "Taja jina lako kamili baada ya mlio," naye anataja, sauti inahifadhiwa, kisha anahudumiwa. Mimi kazi yangu ni kuhakikisha sauti zimeingia sawasawa.

Nilifurahi hivyo hivyo, maana mimi nikipewa kitu nakishika kwelikweli. Ofisi ilikuwa karibu na soko la Mwanjelwa, mchana tunakula ndizi na maharage, na wenzangu walishanibatiza Mhehe wa Hedifoni. Waliniomba nisije nikawanunia, eti Wahehe kwa kununa hatujambo. Nami nikawanunia makusudi, tukacheka wote.

Shida ilianzia kwenye zile sauti. Wanaume walitaja majina yao kwa mbwembwe, wengine wakaongeza na la babu ambalo hakuna aliyewauliza. Lakini wanawake wengi, hasa wale watu wazima, walitaja jina la kwanza tu. "Grace..." Kimya. "Tumpe..." Kimya, halafu simu inakatwa. Mashine ikikosa jina kamili haiendelei, basi hawakuhudumiwa.

Bosi wetu, Injinia Shayo, mtu wa Kilimanjaro, mpole ila hana muda wa kupoteza, aliamini laini zinakatika. Mafundi wakapanda mnara wa Uyole na baridi ile ya Juni, wakabadilisha nyaya, wakashuka midomo inatetemeka. Kimya kikabaki palepale. Nami, mjuaji wa chuo, nilikuwa nimeshaandika kwenye ripoti kwamba tatizo ni mtandao.

Mwanzoni mwa wiki iliyofuata akaniita. "Ijumaa tunafunga majaribio ya Mbeya," akasema. "Mitambo inahamia mkoa mwingine. Na najua mradi wako wa field ndio huo. Pole sana."

Bila mradi hakuna maksi za field, na bila maksi hizo ningerudia mwaka mzima. Nilirudi Uyole nalia njia nzima bila hata kuficha uso.

Nilikuwa naishi kwa Shangazi Oliva, dada yake baba, Mhehe mwenzangu aliyeolewa na Mnyakyusa. Baba mkwe wake alikaa nyumba ya pili, uani mle mle. Kulikuwa na jambo lililonishangaza pale. Yule mzee akija kwetu anaanza kukohoa tangu mbali, na shangazi akisikia anakimbilia jikoni na kutokea mlango wa nyuma. Sikuwahi kuwaona wakikutana uso kwa uso. Chakula cha mzee alipika shangazi kila siku, kikapelekwa na watoto. Nilidhani wana ugomvi wa zamani, nikaona si adabu kuuliza.

Jioni ile nikaamua kuijaribu mashine mwenyewe. Nikapiga ile namba, nikaweka spika, nikamsogezea shangazi aliyekuwa anamenya viazi.

"Shangazi, sema jina lako kamili."

"Oliva," akasema, akaendelea na viazi vyake.

"Lote, shangazi! Na la mume!"

Akaniangalia kama niliyemtukana. Simu ikakatika.

"We mtoto," akasema, "unataka nimtaje baba mkwe wangu? Tena kwenye simu?"

Lo! Lile jina la ukoo wa mumewe ndilo jina la yule mzee. Kule alikoolewa, mwanamke hamtaji baba mkwe kwa jina wala hakutani naye uso kwa uso, na hiyo ni heshima kubwa, hakuna ugomvi wowote. Tangu siku ya harusi jina hilo halijawahi kumtoka mdomoni. Nilipomweleza habari ya mafundi na mnara, alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Halafu akaacha kucheka.

"Siku zote hizi unaniona nakimbilia jikoni mzee akija," akasema, "na hukuniuliza hata mara moja kwa nini. Huko chuoni kuuliza hamfundishwi?"

Niliona aibu, sikatai. Lakini furaha ilikuwa imeshanijaa, nikamkumbatia yeye na viazi vyake.

Asubuhi nilimwahi Injinia Shayo mlangoni. "Yaani nyaya ni nzima," akauliza, "na kinachotukwamisha ni heshima?" Hakuamini. Akanichukua hadi sokoni Mwanjelwa, akamuuliza mama mmoja muuza parachichi jina lake kamili. Mama akataja la kwanza, akacheka, akajifunika kanga, kisha akatoa kitambulisho na kumpa asome mwenyewe. Injinia akasoma, akanitazama, akaangua kicheko katikati ya soko.

Tukabadilisha swali. Mashine ikawa inasema, "Karibu. Tuambie jina unaloitwa nyumbani." Jina la ukoo ingelichukua yenyewe kwenye usajili wa laini. Ikabaki sauti ya kuuliza swali hilo. Injinia akataka sauti ya mtu mzima, akaniambia yangu ni ya kitoto. Basi nikamleta Shangazi Oliva, akaja na gauni lake la kanisani, utadhani sauti hupigwa picha.

Ijumaa ilipofika nikavaa hedifoni, nikasikiliza. "Mama Tumaini." "Mama Neema." "Grace wa Uyole." Zikaingia moja baada ya nyingine! Nilipiga kelele ofisi nzima ikasimama. Mitambo haikuhama, na mimi maksi zangu nikazipata.

Sasa sikia hii. Siku chache baadaye nilianza kuona namba moja inapiga kila siku. Haina shida, haiombi chochote. Anasikiliza swali mpaka mwisho, kisha sauti ya mzee inasema taratibu, "Ndaga fijo, asante sana, mkwe wangu. Zile ndizi za jana zilikuwa tamu sana." Halafu anakata.

Alikuwa baba mkwe wake shangazi, anaijibu sauti ya mkwewe. Miaka yote alikula chakula chake na hakuwahi kumwambia asante kwa kinywa chake. Nilivua hedifoni nikalia tena, safari hii kwa raha. Kwa kuwa sauti za wateja ni siri, nilikwenda kwanza kumwambia mzee kwamba ofisini tunamsikia. Hakuona haya. "Basi mfikishie," akasema. Nikamfikishia. Shangazi alijifunika uso na kanga, mabega yanatikisika kwa kicheko na machozi pamoja, na kesho yake akapika ndizi za kulisha kijiji.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Mashine utakazozikuta huko jifunze zote, usiogope hata moja. Kitu kikigoma, kabla hujapanda mnara nenda kamuulize anayekitumia, na umuulize kwa heshima. Na pale utakapoishi, usiogope kuuliza usichokielewa, maana jibu langu lilikuwa jikoni kwa shangazi na mimi nalilia barabarani.

Mungu akutangulie, akupe bosi mwenye kucheka na mwenyeji mwenye kupika. Ukitaka jina la yule mzee kamuulize babako, yeye alimfahamu. Mimi nimerithi adabu ya shangazi yangu, silitaji. Nenda kwa baraka zangu zote, na hiyo pasi uizime.