Mikeka ya Sinapati Ilirudi Msibani

Sinapati ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ningesema, kama nyumba zetu zingekuwa na kuta. Kusuka ananishinda, na mimi si mtu wa kumkubali mwenzangu haraka. Mkeka mmoja unamla mwaka na nusu. Majani ya mkadi anayachana membamba hivi kwamba ukiukunja mkeka wake unaingia kwenye kikombe. Haya, nimeongeza. Unaingia kwenye sufuria. Alipokuwa msichana panga lilimkata ncha ya kidole cha shahada akipasua nazi, na tangu hapo kona yake ya mwisho huishia na ukili uliorudi nyuma kidogo, kama mtu aliyeacha kitu njiani.

Lakini kijijini hakujulikana kwa kusuka. Alijulikana kwa kusahau.

Mikeka yake aliilaza chini ya godoro, kama sisi sote. Ikifika harusi au msiba, ambako mkeka ndio zawadi yetu kubwa, anainua godoro, mkeka hakuna. Mumewe Fereti, shemasi wetu, mtu wa sauti laini kama uji, anamshika bega mbele za watu: "Mama Logo, si uliwapa wale wa kijiji cha Safotu, mchungaji wao alipofariki? Uliukunja wewe mwenyewe. Hukumbuki tena?" Sinapati anakodoa macho, anatafuta kichwani, hapati. Mwaka wa kwanza alibisha. Mwaka wa nne akaanza kuomba radhi. Mwishowe akaacha kusema kwenye kamati ya wanawake, maana kabla ya kufungua mdomo alimtazama mumewe kwanza, aone kama jambo lenyewe lilitokea kweli.

Na mimi? Mimi nilipata hadithi. Nilisimulia kwamba Sinapati alisahau kichwa chake kwenye mawe ya moto ya kupikia pamoja na magimbi, akazunguka kijiji kizima akikiulizia. Watu wakawa wanaulizana, aliulizia kwa mdomo gani? Fereti alicheka kuliko wote, akaniletea mguu wa nguruwe. Niliula wote.

Fereti alikufa ghafla mwezi wa Mei, ameinama akifunga kamba ya kiatu ili awahi feri ya kisiwa cha Upolu, alikokwenda kila mwezi kwa mambo ya kanisa. Binti yao Logotaeao akaja kutoka Auckland na tiketi mbili za kurudi. Ya pili ilikuwa ya mama yake. Alikuwa amempatia nafasi kwenye nyumba ya wazee waliopoteza kumbukumbu, ambako mlango haufunguki mpaka ubonyeze namba.

"Na hizo namba wanawapa?" nikamuuliza.

"Bibi nawe! Wangewapa, si wangetoka?"

Sinapati akasema tu, "Nitakwenda. Baba yako hayupo tena wa kunikumbusha."

Mwanamke aliyezaliwa hapa kijijini, ambaye hajawahi hata kuugua mahali pengine. Nilitafuta cha kuchekesha nikakikosa.

Siku ya pili ya msiba koo zikawa zinaingia na mikeka yao. Wakaja watu wa Upolu ambao hatuwajui: mwanamke mnene wa makamo, Matalena, na binti yake wa miaka kama kumi na minane. Wakawa wanaikunjua mikeka na kupita nayo mbele yetu mmoja mmoja, kama ada inavyotaka, nasi tunashangilia. Mkeka wa kwanza ulipopita, kucha za Sinapati zikanizama pajani.

"Shoga, tazama kona."

Nikatazama. Ukili umerudi nyuma.

"Huo ni wa Safotu," akanong'ona. Ukapita wa pili. "Huo alisema nimeutoa harusi ya mpwa wake." Ukapita wa tatu. "Huo alisema panya waliula, eti niliufukia kwa mikono yangu." Hivyo hivyo mpaka wa sita. Misiba, harusi, panya, vyote vilikuwa vimehamia nyumba moja.

Akainuka, akaenda kuketi goti kwa goti na Matalena, mimi nyuma yake.

"Dada, mikeka hii umeipata wapi?" Alisema polepole, wengine wasisikie.

Matalena akakiona kile kidole, machozi yakamtoka. "Kumbe ndiye wewe msukaji. Fereti alinisimulia kidole chako, na kwamba akili yako haiko sawa, pole. Miaka kumi na tisa hii ananiambia hawezi kuhamia kwetu, kwa sababu dada yake hana mwingine wa kumtunza."

"Dada yake?"

"Kwani wewe si dada yake?" Akajifuta uso. "Redio ilipotangaza msiba ikataja mke, Sinapati. Nikasema wamekosea kusoma."

Logotaeao akaja mbio. "Mama, kuna nini? Umeanza tena?"

"Mikeka hii nimeisuka mimi. Baba yako aliwapelekea hawa."

"Msimjali," Logotaeao akawaambia wageni. "Kumbukumbu yake imekwisha."

"Ni yake kweli," nikasema mimi.

"Wewe, bibi? Wewe wa kichwa kwenye mawe ya moto?" Watu wakacheka, msibani. Uongo wangu wa miaka yote ukaula ushahidi wangu.

Tukamgeukia Matalena. Akainamisha uso. Angekubali, binti yake angekuwa mtoto wa nje mbele ya kijiji kizima. Akamvuta binti yake karibu.

Sinapati akanyoosha mkono kwenye mkeka wa saba, ulio bado umekunjwa mapajani mwa Matalena. "Huo sijauona tangu mwaka wa kimbunga. Majani yaliniishia shibiri moja kabla ya ukingo, nikasukia nywele zangu. Upande wa chini, karibu na manyoya mekundu ya pambo. Nyuzi tano. Ufungue."

Logotaeao akaukunjua mwenyewe. Akapitisha kidole ukingoni, akihesabu. Zilikuwa tano, nyeusi bado.

Ungedhani angemkumbatia mamaye. Alikaa chini palepale. "Ungenyamaza tu, mama," akasema. "Tungeondoka wote, na baba yangu angebaki kama alivyokuwa."

"Na mimi ningebaki wapi?"

Logotaeao akaukunja mkeka.

Mikeka yote saba wakubwa wa ukoo waliigawa kama ada inavyotaka. Sinapati hakubakiwa na hata mmoja. Fereti tulimzika mbele ya nyumba yake, kama tunavyowazika wetu, tukamwekea na vigae. Logotaeao aliondoka siku iliyofuata, peke yake. Hapigi simu.

Asubuhi Sinapati husukia juu ya kaburi, maana vigae vina ubaridi. Namsikia kutoka kwangu. "Fereti, kisu nimekiweka juu ya boriti. Nimekula ndizi mbili. Nimechemsha majani mafungu manne. Jana ilikuwa Jumanne. Haya, bisha."

Anangoja kidogo, kama anampa nafasi. Halafu ananigeukia mimi.

"Shoga, Jumanne, si ndiyo?"

"Ndiyo, mwenzangu. Jumanne."

Anasuka ukili mmoja, wa pili, kisha ananiuliza tena.