Waya Nne za Albertine

Watoto wangetoka shule saa sita, na motokari ya Albertine ilikuwa bado imefunguliwa kifuniko mbele ya nyumba. Kila siku yeye ndiye aliyewapeleka na kuwarudisha watoto wa majirani, na kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba. Juma hilo motokari ilikuwa imezimika njiani zaidi ya mara moja. Mama Léa, ambaye binti yake alikuwa mdogo kuliko wote, alikwisha kusema wazi: ikizimika tena, Doudou, dereva mwingine wa mtaa, atawachukua watoto wote.

Kwa hiyo asubuhi, aliporudi kutoka shule motere ikikohoa, Albertine alinunua bugi mpya, yaani plagi za kuwashia moto wa motere, na waya zake. Bugi aliziingiza vizuri, akizizungusha kwa vidole kwanza, kisha akazikaza kwa ufunguo. Kosa lilikuwa kwenye waya. Aling'oa zote nne kwa pamoja, na sasa hakujua ipi inakwenda kwenye silinda ipi.

Akampigia simu mume wake, Anaclet, aliyefanya kazi katika mji wa Sakania.

"Anza kuhesabu upande wa shofere," Anaclet alisema. "Moto inaenda moja, tatu, ine, mbili. Usiogope, bibi yangu."

Alifuata, akihesabu kutoka upande wa dereva, simu bado ikiwa wazi. Alipowasha, motere ikafyatuka pwaa! na moshi ukatoka nyuma. Akajaribu tena. Pwaa!

"Mama Exaucée!" Ruphin, jirani, alimwita kwa jina la mtoto wake kutoka ng'ambo ya ukuta. "Uko natengeneza motokari ao uko napiga bunduki?"

"Papa Ruphin, uniache! Batoto banatoka sasa hivi!"

"Basi ita Doudou, mama."

Albertine alikagua waya, zilishika. Aliketi tena kwenye kiti, akaweka mkono juu ya usukani, akasita. Siku ambazo Anaclet aliendesha motokari hii, usukani ulikuwa kuume, kama motokari nyingi zinazoingia kutoka Zambia. Mafundi waliuhamishia kushoto yeye akiwa amekwisha kwenda Sakania. Motere haikuhama.

"Anaclet, volan iko kushoto sasa!" alipiga kelele kwenye simu.

"Aa! Mi niko naona ile ya zamani mu kichwa. Anzia kuume!"

Alibadilisha waya akiunguza vidole. Safari hii motere ilishika.

Mbele ya shule, motokari ya Doudou ilikuwa imesimama, milango wazi, mfuko wa Léa tayari ndani. Mama Léa alisimama katikati ya motokari mbili.

"Umechelewa, mama."

"Ni bugi. Nimetia mpya, na waya."

Mama Léa alisikiliza motere, ambayo Albertine hakuthubutu kuizima. Mwishowe akainama, akautoa mfuko wa mtoto.

"Doudou, unisamehe," alisema. "Léa, panda kwa Mama Exaucée."